Sikuiba Hata Faranga

Mweka hazina wa kanisa akisema ana jambo la kuungama, watu wanalijua kabla hajafungua kinywa: amekula pesa. Niliondoe hilo mapema. Sikula pesa. Daftari langu lilikaguliwa, kila stakabadhi ikaonekana, na wakaguzi wakanisifu mbele ya washirika wote. Kosa langu liliwapita kwa sababu halikuandikwa popote. Mtu alikuja kuomba msaada, nikamkatalia, akaenda zake. Pesa haikuingia wala haikutoka, na daftari likabaki safi.

Mimi ni mtu wa Kampene, teritwari ya Pangi, huku Maniema katika nchi ya Warega. Mji wetu ulikulia juu ya madini. Wabelgiji walichimba, ikaja kampuni ya madini ya SOMINKI mwaka 1976, bei ya bati ikaanguka duniani mwaka 1985, kampuni ikazorota hadi ikafa. Tangu hapo wanaotafuta dhahabu na kasiterite, yaani mawe ya bati, ni vijana wenye sururu na koleo. Kindu, mji mkuu wa mkoa, uko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwetu, na mvua ikishika, pikipiki husukumwa zaidi kuliko inavyoendeshwa.

Kanisa langu ni la Kiprotestanti. Jina lake nalihifadhi, maana kosa lilikuwa langu. Miaka kadhaa iliyopita mchungaji wetu alihubiri kwa majuma mengi kutoka barua ya Yakobo, ile isiyokuwa na subira na mtu anayemtakia mwenye njaa heri huku mikono yake iko mfukoni. Tulichomwa, na tukaitikia. Jumamosi tukaanza salongo: kufukia mashimo ya barabara, kuzibua mifereji ya soko, kusafisha chemchemi. Wazee walitabasamu, kwa kuwa salongo waliijua tangu miaka ya 1970, Mobutu alipoifanya amri ya serikali. Safari hii hakuna aliyetulazimisha, na hata wasiosali kwetu walikuja na majembe yao. Akina mama nao wakawa wanakwenda hospitali na sabuni, chumvi na mchele. Mwisho tukaanzisha mfuko wa rehema. Nilichaguliwa kuutunza kwa sababu mimi ni mwalimu, mwandiko wangu unasomeka, na sinywi.

Kazi hizo sizidharau hata leo. Mashimo yalifukiwa kweli. Mgonjwa aliyepata sabuni aliogea. Nasema haya ili msomaji asidhani naandika kuwacheka Wakristo wanaotaka imani yao ionekane. Imani isiyoonekana popote, jirani atajuaje kwamba ipo?

Kanuni za mfuko niliziandika mimi, nazo zilikuwa na sababu. Miezi ya kwanza tulitoa kwa huruma tupu, na huruma tupu ilitugharimu. Mmoja alichukua rambirambi ya mjomba ambaye baadaye tulikutana naye sokoni akichagua ndizi. Mwingine alipewa nauli ya kumpeleka mtoto Kindu kwa matibabu, ikawa mtaji wa pombe ya lotoko. Ndipo nikakaa na kalamu. Anayeomba awe mshirika kamili, aliyeandikwa. Alete barua ya mzee wa kikundi chake. Ombi lijadiliwe na kamati, ambayo inakaa mwisho wa mwezi. Kamati ilizipitisha bila mjadala, mchungaji akasema sasa tuna utaratibu, nami siku hiyo nilitembea kifua mbele.

Pesa zenyewe zilitoka wapi? Hapa kwetu hilo halina siri. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Maniema na Kivu zote mbili, na amri ikadumu hadi Machi 2011. Miezi ile tuliona kikapu cha sadaka kikizunguka na kurudi chepesi. Mchimbaji asiposhuka shimoni, muuza sombe hauzi, mwenye duka hauzi, mwalimu anayeishi kwa michango ya wazazi halipwi, na mchungaji anakula bugali bila mboga. Wachimbaji ndio wanaotulisha wote. Lakini wengi wao hawajaandikwa kanisa lolote. Leo wako kariere hii, yaani machimbo haya, kesho wanasikia shimo limetoa upande wa Kalima au Shabunda, wanakunja turubai wanahama. Jumapili wanakaa benchi la nyuma, wanatia sadaka nono wakiwa wamepata, na wanatoka kabla ya matangazo.

Kijana aliyekuja kwangu alikuwa mmoja wao. Alinikuta jioni nikipanga hesabu. Udongo mwekundu ulikuwa umemkaukia hadi magotini, na nilipomwonyesha kiti hakukaa, nadhani kwa kuogopa kukichafua.

“Papa, bibi yangu amejifungua kwa kupasuliwa. Mtoto ni mzima. Sasa wamemzuia kwa fakture.”

Fakture, yaani bili ya hospitali, ilikuwa dola 85. Alikuwa amelipa 30. PDG, yaani mkuu wa shimo lao, alimwahidi kumkopesha zilizobaki, lakini shimo lilikuwa limejaa maji na halikutoa kitu. Alihitaji dola 55. Siku ile mfuko wa rehema ulikuwa na zaidi ya dola 400, na nililijua hilo bila kufungua daftari.

Nilimuuliza kama ni mshirika wetu. Akasema, “Ninasali kwenu, Papa.” Nikamuuliza kama ameandikwa. Akanyamaza. Nikamuuliza barua ya mzee wa kikundi, akasema hajui yeye ni wa kikundi gani. Basi nikamweleza utaratibu, kwa sauti ya upole, kama nieleweshavyo darasani: aandike ombi, atafute mzee wa kumdhamini, kamati itakaa mwisho wa mwezi.

“Na mtoto naye asubiri kamati, Papa?”

Hakusema kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua hasa inavyokuwa. Nikamjibu kwamba kanuni ni kanuni. Akanishukuru, akaondoka. Ningekuwa nimemfokea, pengine ningeona haya usiku uleule. Upole wangu ulinilaza usingizi mzuri.

Ningeweza kuishia hapo na kusema nilifuata kanuni, na wengi wangenielewa. Lakini maungamo ya nusu ni uongo. Kulikuwa na sababu ya pili ambayo sikumwambia kijana, wala mchungaji, wala mke wangu. Wageni wa kanisa walikuwa wanatarajiwa kutoka Kindu baada ya majuma machache, na mimi ndiye ningesoma taarifa ya mfuko. Nilikuwa nimekwisha kuisoma kichwani: kanisa dogo la wachimbaji, na bado limeweka akiba ya dola zaidi ya 400 kwa ajili ya maskini. Nilitaka namba hiyo ifike siku ya wageni bila kuchubuka. Pesa zilizotolewa ili ziwafikie wenye shida, mimi nilizigeuza pambo. Kanuni zilinisaidia tu kulificha hilo hata machoni pangu mwenyewe.

Hapa nieleze jambo kwa asiyelijua. Kuzuiwa hospitalini kwa deni si ajabu katika nchi yetu. Mgonjwa amepona, ameruhusiwa na daktari, lakini hatoki getini mpaka fakture ilipwe. Akina mama waliopasuliwa ndio wengi, kwa sababu upasuaji ni ghali na haukupangwa. Anatoa kitanda kwa mgonjwa mwingine, analala kwenye mkeka, anakula anacholetewa na jamaa, na akikosa jamaa anakula huruma ya wodi. Nisingependa kuwatupia wauguzi mawe. Wengi hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali, au wamo na mshahara hauji, na kinachowalisha watoto wao ni fakture hizohizo. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa wa mwaka 1966, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kulipa deni. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua mwaka 2015 kwamba akina mama wawili waliozuiwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani walivunjiwa haki zao. Na Septemba 2023 serikali yetu ilizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bure. Sheria na mipango ni mizuri. Ila usiku ule mama yule alikuwa amelala kwenye mkeka, na dola 55 zilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda changu.

Wageni walifika. Kwaya ilivaa kitenge kipya, bango likatundikwa, hotuba zikasomwa. Baadaye tukaandamana hospitali kwa lile tendo letu la rehema. Mimi nilibeba boksi la sabuni. Katika wodi ya uzazi tulipita kitanda kwa kitanda, kisha tukafika kwenye kibaraza ambako kulikuwa na mikeka. Pale nikamwona kijana wangu, ameketi kando ya mwanamke mwembamba anayenyonyesha. Sikutarajia kumkuta. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemsahau.

Alisimama akaniamkia kwa adabu, “Jambo, Papa.” Hakuongeza neno. Nikainama nikampa mke wake mche wa sabuni na kifuko cha chumvi. Alipokea kwa mikono miwili. Mpiga picha akatuomba tusogee kidogo kwenye mwanga. Tukasogea. Picha hiyo ipo hadi leo: mimi nimetabasamu, mama ameshika sabuni, na kijana anaonekana bega tu. Jioni ile nikasoma taarifa ya mfuko, na salio likapigiwa makofi.

Aliyemtoa yule mama nilimjua baadaye, sokoni, kwa mama mmoja muuza mawese. Yeye na wenzake wauza sombe, ndizi na mawese wana likelemba yao: kila juma kila mmoja anatia kiasi, na mmoja kwa zamu anabeba chote. Mmoja wao alikuwa akimpelekea dada yake chakula wodini, akauliza yule wa kwenye mkeka ana nini. Hawakumjua wala hawakujua anasali wapi. Zamu ya juma lile ilikuwa ya mama Mwislamu aliyekuwa anangoja kununua bati la jiko lake. Wakajadiliana mezani pa sombe, mwenye zamu akakubali kusogezwa, dola 55 zikalipwa, na mama akatoka na mtoto wake mgongoni. Maniema Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta tangu enzi za misafara ya Tippu Tip na ngome yake ya Kasongo. Wanaoana na wanazikana. Kwa hiyo hapa hakuna aliyestaajabu isipokuwa mimi.

Kilichonishangaza hasa kilikuwa kanuni. Likelemba ina kanuni kali kuliko za mfuko wangu. Ukikosa juma moja, soko zima linasikia. Zamu haichezewi, maana mtu amepanga ada ya shule au bati juu ya zamu yake. Wanawake wale hawakuidharau kanuni yao. Walikaa, wakamuuliza aliyeumizwa na mabadiliko kama anakubali, wakaisogeza, wakarudi kwenye utaratibu juma lililofuata. Kumbe utaratibu na huruma vilikaa meza moja bila kugombana. Sikuweza tena kusema kwamba kanuni ndiyo iliyonifunga mikono.

Nilichota katika mapato yangu ya mwalimu, si katika mfuko, nikapeleka dola 55 kwa yule mama aliyetoa zamu. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, na labda kwa kukataliwa kwa heshima. Alizihesabu, akazipokea, akaniambia bati limepanda bei. Nikaongeza.

Kijana sikumkuta tena. Shimo lao lilishindikana na maji, wenzake wakasema amehamia kariere nyingine na familia yake. Niliuliza wanunuzi wa dhahabu, wale wenye mizani midogo inayopimia kwa njiti za kiberiti, maana wao huwajua wachimbaji wote. Hakuna aliyekuwa na habari zake. Kwa hiyo msamaha wa mwenyewe sina, na sitajipa kwa niaba yake.

Mwaka 2025 nilipata kumfikiria mtu mwingine aliyekuwa mtu wa kanuni. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alifanya kazi mpakani katika OCC, shirika la serikali la kukagua bidhaa. Alikuwa Mkatoliki wa jumuiya ya Sant'Egidio, akitumia muda wake kwa watoto wa mitaani. Ukaletwa mchele ulioharibika, akapewa rushwa aupitishe, akakataa. Akatekwa na kuuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Huku kwetu habari hiyo ilituhusu kwa karibu, kwa kuwa askofu wa Goma, Willy Ngumbi, alikuwa askofu wa Kindu hadi mwaka 2019. Mimi si Mkatoliki, lakini habari ile ilinikalia moyoni. Bwana Chui alishika karatasi, mihuri na masharti kama mimi. Angeweza kusema amri imetoka juu, na mchele ungepita. Tofauti yetu ni kwamba kanuni yake ilisimama kati ya sumu na tumbo la mtu asiyemjua, na yangu ilisimama kati ya mtu nisiyemjua na mlango wa hospitali. Yeye kanuni ilimgharimu uhai. Yangu ilinipatia makofi.

Niliungama kwanza mbele ya kamati, kisha mbele ya kanisa. Mzee mmoja alinikemea kwamba najivua nguo mbele ya watoto. Mwingine alisema kosa halikuwepo, kwa sababu kijana kweli hakuwa ameandikwa. Nilimwomba anieleze tulipokea sadaka zake kwa barua ya mzee gani. Hakujibu, nami sikumuuliza ili nimshinde; swali hilo nilijiuliza mwenyewe nikiwa nimechelewa.

Tukarekebisha mambo. Uanachama hauulizwi tena kwa mgonjwa wala mfiwa. Wazee wawili na mama mmoja wanaweza kutoa msaada wa dharura siku ileile, hadi kiwango kilichowekwa, na kamati hupewa taarifa baadaye. Wadanganyifu bado wapo, na tumeshapigwa tena. Tunahesabu hasara hiyo kuwa sehemu ya gharama. Picha hatupigi wodini. Kikundi cha akina mama kinapokwenda hospitali kinaanza kwa kumuuliza muuguzi mkuu ni nani amepona na bado hajatoka, na kwa deni la kiasi gani. Mara nyingi deni linatuzidi. Hapo tunakwenda kuomba lipunguzwe au lilipwe polepole, na wakati mwingine wanakubali, hasa wakiona watu wazima wamesimama kama wadhamini.

Lakini badiliko ninaloliamini kuliko yote ni dogo, nalo liko kwenye daftari. Lilikuwa na safu ya pesa zilizoingia na safu ya pesa zilizotoka. Nimeongeza safu ya tatu: waliokataliwa. Anaandikwa aliyekuja, alichoomba, sababu ya kumnyima, na nani aliyemnyima. Safu hiyo husomwa mbele ya washirika pamoja na salio, wageni wawepo wasiwepo. Mara ya kwanza kuisoma sauti ilinikauka, ingawa majina hayatajwi. Lakini ukijua kwamba kukataa kwako kutasomwa, unafikiri vizuri kabla ya kukataa, na unapokataa kwa haki huna la kuficha.

Kwa hiyo nakuomba wewe mweka hazina mwenzangu, uwe wa kanisa, wa msikiti, wa chama cha akina mama au cha wanakijiji. Usinipe pole, fungua daftari lako na uchore safu ya tatu kabla ya kikao kijacho. Nanyi washirika mnaotoa, msiridhike na salio. Muulize pia ni nani aliyekuja akarudi mikono mitupu, na mkijibiwa kwamba hakuna, ombeni kuonyeshwa.